Nilivyowapata wazee Waholanzi wa Ontario wakasimulia maisha yao

Ninafanya kazi ya kuhudumia wazee kusini mwa Ontario, Kanada, katika nyumba ambayo wakazi wake wengi ni Waholanzi. Waliingia nchi hii miaka ya 1950 wakiwa watoto au maharusi wapya, na sasa wengi wao wanaikaribia tisini au wameshaivuka. Uongozi ulitaka kila mkazi awe na kijitabu cha maisha yake kando ya kitanda, ili mhudumu wa zamu ya usiku ajue anayemgeuza ni nani. Fomu zikagawiwa, zikarudi na mistari miwili: tulikuja 1952, tulifanya kazi. Ndipo nikakabidhiwa mimi. Nadhani walishaona kwamba Mtanzania akikaa na wazee haangalii saa.

Watu wa rika lile hawana mazoea ya kujieleza. Muulize mzee aliyetoka Friesland, jimbo la kaskazini mwa Uholanzi, alijisikiaje kuiacha nchi yake, atakwambia ilikuwa sawa, atamalizia kahawa yake, na hapo umefika mwisho. Kwa hiyo maswali ya moyoni nikayaweka kando, nikawa nauliza vitu. Swali lililonifungulia mlango lilikuwa hili: kwenye kasha mlitia nini?

Vita vilipokwisha 1945, Uholanzi ilikuwa hoi. Nyumba hazikutosha, ardhi ilikuwa finyu, na mkulima mwenye wana sita alijua wazi kwamba shamba lake linamtosha mmoja tu. Serikali yenyewe ikawa inawahimiza watu waondoke. Mwaka mpya wa 1950 Waziri Mkuu Willem Drees alilisema hadharani, kwamba sehemu ya wananchi sharti ithubutu kutafuta maisha katika nchi kubwa kuliko yao. Kanada ilihitaji mikono mashambani. Meli Waterman ilikuwa imeshateremsha familia za kwanza za wakulima huko Montreal mwaka 1947, na nyingine zikafuata, wengi wakishukia gati namba 21 la Halifax. Ila fedha za kutoka nazo ziliwekewa kikomo. Basi watu wakazigeuza fedha zao kuwa mali: wakanunua vitanda, mablanketi, majiko, cherehani na baiskeli, wakavipakia kwenye kasha kubwa la mbao lililopanda meli pamoja nao.

Kasha lile hakuna aliyelisahau. Mzee ambaye jina la mjukuu wake linampotea alinitajia mpangilio wa vitu kuanzia chini hadi juu. Bibi mmoja alinieleza jinsi sahani za mama yake zilivyofungiwa ndani ya mashuka ili zisivunjike. Nikiuliza kasha lenyewe liliishia wapi, hadithi ya mwaka wa kwanza inakuja bila kuvutwa, kwa sababu mbao zile hazikutupwa: kwa huyu ziligeuka banda la zana, kwa yule chumba cha watoto.

Saa nazo zina maana. Saa nne asubuhi ni saa ya kahawa, na Mholanzi bila kahawa yake ya saa nne usimwulize lolote. Unakaa naye, unapokea biskuti moja (moja tu, kopo linafungwa), kisha unauliza. Baada ya chakula cha mchana wanalala. Jumapili sikufanya kazi hiyo kabisa. Wengi wao ni wa kanisa la Kiprotestanti liitwalo Reformed, wamezoea ibada mbili siku hiyo, na daftari langu lingewaudhi.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni kuwatenganisha mume na mke. Wakiwa pamoja anasema mume, naye anasema ekari: walianza kwa kupalilia viazisukari vya mtu mwingine, mwaka wa kumtumikia mkulima aliyewadhamini ukaisha, wakakodi shamba, wakanunua, wakajenga shule yao ya Kikristo na kuilipia wenyewe. Yote ni kweli, na ni ya kujivunia. Lakini mke akiwa peke yake anaanzia kwingine. Anaanzia bandarini Rotterdam, na mama mzazi aliyebaki gatini, ambaye wengine hawakumwona tena. Anasimulia treni ya kutoka Halifax yenye viti vigumu, na mkate mweupe wa Kanada uliokuwa laini kama pamba na haukumshibisha mtu. Anasimulia kujifungua kati ya watu ambao hakuelewa walichosema. Zaidi ya bibi mmoja alinieleza kwamba uamuzi wa kuhama haukuwa wake. Mume ndiye aliyejaza karatasi.

Kwenye kijitabu niliziandika simulizi zote mbili, ya mume na ya mke, kila moja na ukurasa wake. Msimamizi alipendekeza niziunganishe. Sikukubali, kwa sababu zikiunganishwa inabaki ya ekari.

Vita niliviacha vije vyenyewe. Waliotoka miji ya magharibi kama Amsterdam walipitia majira ya njaa ya 1944 na 1945, watu walipokula hata vitunguu vya maua ya tulipu. Huyo usimwondolee sahani kabla hajamaliza, hata kama kimebaki kijiko kimoja. Waliotoka Zeeland, jimbo la pwani, wana kumbukumbu ya maji: usiku wa kuamkia 1 Februari 1953 bahari ilivunja kingo na kuua watu 1,836 nchini mwao. Katika nyumba yetu yuko mama asiyelala upepo ukivuma, na alikuwa akipewa dawa ya usingizi. Siku hizi mhudumu anakaa naye kidogo, na mara nyingi inatosha.

Mimi nami ni mhamiaji, na walipenda kuniuliza safari yangu. Hapo sikujifanya kwamba tumepita njia moja. Wao waliitwa, na nauli ya wengi wao ilichangiwa na serikali. Wanajeshi wa Kanada walikuwa wamewakomboa vitani mikononi mwa Wajerumani, na binti mfalme Margriet wa Uholanzi alizaliwa Ottawa mwaka 1943 mama yake akiwa ukimbizini huko. Waliingia katika nchi iliyokwisha kuwapenda. Mimi kila karatasi niliilipia mwenyewe. Nilimwambia mzee mmoja hivyo, akafikiri, akasema, "Basi kopo nitakufungulia tena."

Vijitabu vilipokamilika tuliwaonyesha watoto wao, ambao wengi ni wastaafu tayari. Binti mmoja hakupenda sehemu inayosema kwamba wazazi wake waliishi kwenye banda la kuku msimu wa kwanza, ingawa familia nyingi za wakati ule zilipewa makazi ya namna hiyo na waajiri wao. Alitaka ifutwe, eti inawadhalilisha. Nikamwambia mwenye maisha yupo, tumuulize. Mama yake akasema iachwe, na niongeze kwamba mwenye shamba alikuwa amewajengea kuku banda jipya.