Matumbawe ya Clare

Basi kutoka Ennis lilinishusha Doolin saa nane mchana, mvua ikija kwa ubavu. Mvua ya Atlantiki haikudondokei kichwani, inakupiga sikioni. Nikajibanza ukutani, kamera nimeikumbatia ndani ya koti kama mtoto mchanga.

Kaunti ya Clare, magharibi mwa Ayalandi, wengi huijia majabali ya Moher. Nami nilikwenda, nisije nikaulizwa nyumbani. Yana mita 214 pale yalipoinuka zaidi, na juu yake upo mnara wa O'Brien wa mwaka 1835. Nilipiga picha mia na ushee. Zote ni picha za kalenda, na sina haja nazo.

Gatini Doolin ndiko lenzi ilikoniadhibu. Wimbi lilipasuka kwenye mwamba, kidogo tu, nikaona nimepata picha ya mwaka. Kumbe kioo kimejaa chumvi. Kitambaa cha kufutia nimekisahau chumbani. Nikafuta kwa pindo la kikoi nilichojifunga shingoni, nikazidi kuharibu.

Siku ya tatu nikakodi baiskeli kuelekea Fanore. Hapo barabara inabanwa kati ya bahari na Burren, vilima vya mawe ya chokaa, vya kijivu, vipara. Jiwe limetandazwa kama sakafu hadi majini, limepasukapasuka, na ndani ya nyufa mmejificha majani ya kijani yanayokimbia upepo. Nikapiga magoti nipige picha ya ufa mmoja. Kando ya kidole changu nikaona vijitundu vimepangana kama sega la nyuki.

Nilizaliwa Unguja, Mji Mkongwe, kwenye nyumba ya mawe na chokaa. Tumbawe nalijua hata gizani. Na kweli ni tumbawe: jiwe hili lilijijenga chini ya bahari ya joto, yapata miaka milioni 330 iliyopita, wakati nchi hii ilipokuwa karibu na ikweta. Nikakaa pale chini, suruali imelowa, nikilipapasa kama mtu aliyekutana na jirani ugenini.

Nikiwa bado nimechutama, ng'ombe wakaja barabarani, mzee mmoja nyuma yao na fimbo, mbwa pembeni. Ilikuwa mwisho wa Oktoba. Kwingine baridi ikikaribia mifugo huteremshwa bondeni. Burren huipandisha mlimani. Mzee alinieleza huku akitembea: juu ndiko kukavu, maji hayatuami, na jiwe limeshiba joto la kiangazi. Ng'ombe wakila nyasi ngumu wakati wa baridi, maua yanapata nafasi masika yao yakifika.

Nikamwomba ruhusa ya picha. Akainua kidole kimoja, salamu ileile niliyokuwa nikipewa na kila dereva tangu Doolin. Jua likapenya chini ya wingu, dakika tano hivi, migongo ya ng'ombe ikafuka mvuke na kuta za mawe yasiyoshikwa na saruji zikapitisha mwanga matunduni.

Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Hakujitazama hata kidogo. Akaweka kidole juu ya ng'ombe mweupe wa mbele, akasema huyu picha imemkondesha, hebu nipige tena akiwa amegeuka.