Nilivyozinasa astrosaiti kwa picha na umeme kwa wakati mmoja

Wiki sita zilinipotea kwa sababu ya kemikali moja, EGTA, na niliitia kwa ushauri wa mtu niliyemwamini. Nikikumbuka bado naudhika.

Nasomea uzamivu hapa Ujerumani, na seli zangu ni astrosaiti, zile zenye umbo la nyota zinazohudumia nyuroni ubongoni. Kwa umeme peke yake hazikuambii kitu: zimetulia kwenye milivolti -80 hivi, hazirushi mishtuko kama nyuroni. Ndiyo maana zamani zilidhaniwa ni gundi tu. Mwaka 1990 ndipo watafiti walipozitia rangi inayong'aa kalsiamu ikipanda, wakaona mawimbi yanapita kutoka seli hadi seli. Basi mimi nilitaka vyote viwili, picha na umeme, papo kwa papo.

"Seli ni seli," mkubwa wangu maabara akaniambia, "weka kwenye pipeti, ule mrija mwembamba wa kioo, maji yaleyale ya nyuroni, yenye EGTA." Nikaweka. Ncha ya kioo ikagusa seli ndani ya kipande cha ubongo wa panya, nikanyonya mrija taratibu kwa mdomo, utando wake ukagandana na kioo, kisha ukatoboka. Umeme safi kabisa! Lakini baada ya dakika kama kumi na tano, seli zilizokuwa zikimemeteka kwenye skrini zikazima. Na si ile niliyoishika tu, hata majirani zake.

Wenzangu wakasema leza ya darubini inachosha rangi. Nikaipunguza, giza. Nikabadilisha panya, giza. Jioni moja, kipande nakaribia kukitupa, nikasogeza darubini upande wa pili. Kule zinawaka kama kawaida! Kesho yake nikatia rangi nyekundu ndani ya pipeti, nikakaa kutazama. Ikajaza seli ya kwanza, ikaingia ya pili, ya tatu, hadi mtaa mzima ukawa mwekundu. Astrosaiti zimeunganishwa kwa vitundu vidogo, na EGTA yangu ilipita humohumo ikinasa kalsiamu kila ilipofika. Nyuroni nyingi hazina majirani wa namna hiyo, ndiyo maana wenzangu hawakuwahi kuliona tatizo.

Nikaacha kuzitoboa. Pipeti naishikisha nyuroni ya jirani, astrosaiti nazipiga picha tu, maana panya wetu wana protini inayong'aa kalsiamu ikipanda, bila kutiwa rangi. Nikilazimika kuishika astrosaiti, EGTA naipunguza mno na picha nazipiga kabla sijapasua utando.

Halafu kuna waya, wa euro chache tu, usiukose: unatoka kwenye darubini hadi mashine ya kurekodi umeme. Kila picha ikipigwa, alama yake inaandikwa sambamba na umeme wa seli. Kabla ya hapo nilikuwa nalinganisha saa za kompyuta mbili, na hazikubaliani kamwe.

Siku ya kwanza vyote vilipokaa sawa, nilichochea nyuzi za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Mstari wa umeme wa nyuroni ukazama palepale. Sekunde chache baadaye, kwenye picha, mkono mmoja mwembamba wa astrosaiti ukawaka, kisha seli yote. Nilirudia mara nne kabla ya kumwita mtu.