Shangazi, Jini na Denge

Mwishoni mwa Mei 2008 waya wa chini ya bahari unaoleta umeme Unguja kutoka Bara ulipata hitilafu, na kisiwa kikakaa gizani mpaka Juni ikavuka nusu. Wakati huo nilikuwa nakaa na shangazi yangu katika maghorofa ya Michenzani, ambako nilikwenda kumsaidia baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Alikuwa amekatazwa kuinama, kunyanyua vizito na kusogelea moshi wa seredani, kwa hiyo kazi hizo zote zikawa zangu, na kwa kuwa pampu za maji zilisimama pamoja na umeme, nilikuwa nikipandisha ngazi na madumu kila asubuhi. Jioni ndipo matata halisi yalipoanza. Shangazi alikuwa mfuasi wa tamthilia moja ya Kimeksiko, na umeme ulikatika siku moja kabla ya harusi iliyokuwa ikisubiriwa kwa majuma, jambo alilolizungumza kwa uchungu wa mtu aliyekwisha kushona nguo ya kuvaa siku hiyo.

Katika mkoba wangu mlikuwa na riwaya mbili. Moja ilikuwa Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, ambayo nilikuwa nimeimaliza ndani ya boti nikitoka Dar es Salaam na bado ilikuwa imenishika. Ya pili ilikuwa Adili na Nduguze, hekaya ya Shaaban Robert ya mwaka 1952, ambayo nilikuwa nimeisoma wiki ileile kwa subira ndogo sana. Hukumu yangu juu ya vitabu hivyo ilikuwa imekwisha kupita: kile cha kwanza kilikuwa cha watu wazima, kilichojaa mapenzi, siasa na hatari, kile cha pili kilikuwa cha watoto, chenye majini, manyani na watu waliogeuka mawe, na wahusika ambao majina yao yanatangaza tabia zao kabla hawajafungua midomo. Mtu akiitwa Hasidi, nilijiambia, kuna haja gani ya kuendelea kusoma ili kujua atafanya nini?

Nilianza kumsomea shangazi Vuta n'kuvute, kwa sababu nilitaka tuipende pamoja. Tuliketi sebuleni, kandili likiwa juu ya kigoda, chemni yake nimeifuta kwa karatasi ya gazeti mpaka iking'ara, naye amejilaza kwenye kochi na kipande cha shashi juu ya jicho. Nilisoma habari za Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa akiwa na miaka 15 kwa Bwana Raza, mwenye duka wa miaka 52, katika Unguja ya wakati wa Mwingereza. Nilijua shangazi naye aliolewa akiwa na umri kama huo, kwa mume aliyemzidi sana, na nilitazamia kwamba angemchukia Raza kama nilivyomchukia mimi. Hakumchukia. Aliniacha nisome kurasa kadhaa, kisha akaniuliza wazazi wa Yasmin walisema nini siku ile. Nilirudi nyuma nikatafuta.

"Huyo mzee sina neno naye," alisema. "Mwanamume akipewa mke atakataa? Waliomuoza ndio nataka kuwasikia."

Mimi nilikuwa nimewapita wazazi hao mbio, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kufika kwa Denge. Kwa msomaji ambaye hajaifungua riwaya hiyo, Denge ni kijana aliyesoma Urusi, akarudi Unguja na fikra za ukombozi, akawa anawindwa na Inspekta Wright na askari wake huku akisambaza magazeti yaliyopigwa marufuku. Yasmin anampenda, na mimi, sioni sababu ya kuficha, nilimpenda kabla ya Yasmin. Nilipofika kwenye mikutano yao ya usiku nilibadilisha sauti, nikasoma polepole, nikanyamaza mahali ambapo nilidhani moyo wa msikilizaji ungehitaji nafasi. Kutoka kwenye kochi lilikuja swali: "Huyu kijana anafanya kazi gani?"

Nilimweleza kwamba kazi yake ni kupigania nchi. Akasema hilo amelisikia, lakini anauliza anakula wapi. Nilijitahidi kumtetea Denge kwa maneno makubwa niliyokuwa nayo, na shangazi akayasikiliza yote kwa adabu, kisha akauliza chumba wanachokutana ni cha nani na kodi yake hulipwa na nani. Kuanzia usiku ule alimsikiliza Denge kama anayemsikiliza mposaji aliyekuja bila mshenga. Hakumtukana hata mara moja. Alikataa tu kumwamini.

Mtu aliyempenda katika kitabu kile alikuwa Mwajuma. Yasmin alipomkimbia mumewe na jamaa zake wakamfungia mlango, ni Mwajuma, mwanamke maskini wa Ng'ambo, aliyempokea. Hapo shangazi aliinuka kwenye kochi, jambo alilokatazwa, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akataka kujua Mwajuma alimpa Yasmin mahali gani pa kulala, walikula nini na majirani walisema nini, na kila jibu lililopatikana kitabuni alilipokea kwa kutikisa kichwa, maana Ng'ambo ile aliijua mwenyewe. Alizaliwa humo. Nyumba ya kwao ilikuwa miongoni mwa zile zilizobomolewa baada ya Mapinduzi ili yajengwe maghorofa haya haya ya Michenzani, kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Kwa hiyo nilikuwa nikimsomea habari za mtaa juu ya ardhi iliyokuwa ya mtaa wenyewe, ila ghorofa kadhaa hewani. Nilipomwambia kwamba Adam Shafi alizaliwa Unguja mwaka 1940, alifurahi sana. "Kumbe rika langu huyo! Basi Mwajuma hakumzua. Mwajuma amemwona." Kuhusu Denge alisema labda mwandishi alimwota.

Siku ya tatu au ya nne alipata msikilizaji mwenzake. Mzee mmoja wa ghorofa ya chini, aliyewahi kufanya kazi bandarini ujanani mwake, alikuja kuomba kiberiti akakuta tunasoma, akaketi karibu na mlango, na jioni iliyofuata akaja bila kisingizio cha kiberiti. Yeye alikuwa upande wa Denge moja kwa moja. Nilipofika penye polisi alikuwa akisogeza kiti, na mara moja alinikatiza kueleza jinsi watu walivyokuwa wakificha makaratasi ndani ya magunia, jambo ambalo sikuweza kujua kama alilitenda au alilisikia. Shangazi alimwacha amalize.

"Hao waliokuwa wakificha makaratasi, wake zao walikuwa wakila nini?"

"Bila wao, dada, sisi tungekuwa hapa tulipo?"

"Sikuuliza hilo. Nimeuliza walikuwa wakila nini."

Mzee alicheka, lakini hakujibu, na mimi nikaendelea kusoma kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kisha shangazi akasema amechoka na Denge kwa sasa, nimsomee kile kitabu chembamba. Nilimwonya kwamba ni hekaya ya majini. Akaniambia majini si kitu, yeye amekaa na mawifi. Nikaanza Adili na Nduguze bila bidii, sauti yangu ya kawaida, bila vituo vya kusubiri mioyo.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Katika hekaya hiyo Adili ni liwali wa Janibu, chini ya Mfalme Rai, na mjumbe wa mfalme anagundua siri yake: kila usiku Adili huwachapa manyani wawili, kisha huwafuta machozi na kuwalisha vyakula vizuri. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini aitwaye Huria kwa sababu walimtupa Adili baharini. Na ni Huria aliyemwokoa, na ni Huria aliyeamuru wachapwe kila usiku. Nilipokuwa nikisoma peke yangu, nililiona jambo hilo kuwa la kitoto na la kikatili kwa pamoja. Shangazi alilipokea kama habari ya mtaa wa pili. Hakuuliza jini alitoka wapi, wala nyani anawezaje kulia machozi. Maswali yake yalikuwa mengine kabisa: baba yao alipokufa, mali iligawanywaje? Nikasoma: kwa sawa. Na wale wawili walipopoteza sehemu zao, Adili aliwafanyaje? Nikasoma: aliwagawia tena kutoka katika sehemu yake. Shangazi akapiga ulimi. "Mara ya pili! Hapo ndipo alipowaharibu."

Halafu akanishangaza zaidi. Alisema hadithi hiyo anaijua, aliisikia kwa bibi yake, isipokuwa kwa bibi yake ndugu wale walikuwa mbwa. Nilidhani anachanganya. Baadaye sana nilipokuja kusoma Alfu Lela u Lela niliikuta: gavana wa Basra na nduguze wawili, waliogeuzwa mbwa. Shaaban Robert alikuwa ameichukua hekaya hiyo kongwe, akaivika majina ya Kiswahili na kuwatia manyani mahali pa mbwa, na bibi wa mtaa wa Ng'ambo, asiyejua kusoma, alikuwa nayo kichwani katika sura yake ya zamani.

Nililalamika juu ya majina. Nilisema mwandishi anayemwita mhusika wake Mwivu amemnyima msomaji raha ya kugundua. Shangazi alinyamaza nikadhani amelala, maana ilikuwa saa ya matone ya jicho na alikuwa ameinua uso juu, kisha akasema kwamba laiti watu wangekuwa wakiitwa kwa matendo yao, wanawake wengi wasingeolewa. Mzee wa ghorofa ya chini alisema na wanaume pia. Nilimtia matone, mawili kama alivyoelekeza daktari, akakaa amefumba macho, na katika hali hiyo akanieleza kwa nini Huria anamwamini na Denge hamwamini. Huria, alisema, akisema atakuja, anakuja. Akiweka sharti, sharti lile linakaa, liwe zuri au baya, na anayelivunja anajua kitakachompata. Jini hana udhuru wa mkutano. Denge kila mara ana neno kubwa la kusema na kila mara anaondoka kabla ya alfajiri.

Sikukubaliana naye, na sikubaliani naye hadi leo. Denge ameumbwa vizuri, na nchi hazikukombolewa na watu waliokuwa nyumbani kila usiku; mzee wa bandarini alikuwa na haki katika hilo. Lakini shangazi alikuwa amenionyesha jambo juu ya vitabu ambalo darasani sikulisikia, kwamba hekaya ya majini ina ukali wa hesabu kuliko riwaya ya mapenzi. Ndani yake kila deni linalipwa, kila ahadi ina siku yake, na mwandishi hawezi kumsamehe mtu kwa sababu tu ana macho mazuri. Katika riwaya ya mapenzi sisi wasomaji ndio tunaosamehe, tena tunasamehe mapema, tukiwa bado hatujaambiwa mtu huyo analala wapi. Na Mwelekevu, binti ambaye Adili alimkuta peke yake yu hai katika Mji wa Mawe, nilikuwa nimemsoma kama pambo. Shangazi alimhesabu kuwa mchumba wa kweli kuliko wote, kwa kuwa alikuta mwanamume mgeni katika mji uliogeuka jiwe na jambo la kwanza alilofanya ni kumweleza kisa chote tangu mwanzo. "Huyo kaanza na maelezo," alisema. "Yasmin kaanza na nini?"

Umeme ulirudi jioni moja tukiwa katikati ya sura. Blok nzima ilipiga kelele, watoto wakakimbia ngazini, friji ikatetemeka na kuanza kuvuma, na shangazi, bila hata kunisubiri nimalize sentensi, akaomba rimoti. Harusi ya Kimeksiko ilikuwa imekwisha kupita na bibi harusi alikuwa tayari anadai talaka. Vuta n'kuvute ilikaa juu ya kabati, alama ya ukurasa ikiwa kipande cha sanduku la dawa, na niliponuia kuondoka aliniambia nimsimulie mwisho kwa ufupi. Nikamsimulia. Alisikiliza upande wa Denge kwa uso uleule, na nilipomaliza akataka nianze upya, safari hii nimfuate Mwajuma tu, sura kwa sura, nikiwaacha wengine. Ilibidi nikishushe kitabu kabatini, kwa kuwa kumbe sikuwa nimemfuata.

Filamu iliyotokana na riwaya hiyo, ya Amil Shivji, ilipotoka mwaka 2021, niliitazama nikimtafuta Mwajuma kila pembe ya picha, hata nikakosa maneno kadhaa ya wapenzi. Shangazi hakuiwahi.

Asubuhi ya safari alibaki na Adili na Nduguze, akasema mjukuu wake atamsomea. Vuta n'kuvute aliniamuru nikiteremshe kwa mzee wa ghorofa ya chini, nami nikapeleka pamoja na sharti alilonituma nalo, nililolifikisha neno kwa neno: akisome chote, asiruke, na akifika ukurasa ambao Denge amenunua hata kibaba kimoja cha mchele, apande ngazi usiku huohuo aje amwite.