Mlango Mmoja wa Basi

Wiki hii tumefunga hesabu za robo mwaka kazini, na huko Kakamega wazee wamekubaliana mahari ya mdogo wangu, lakini kila ninapoketi kuandika juu ya hayo, linalonijia ni swali la msichana wa shule niliyeketi naye kwenye basi la Umoja, hapa Nairobi, Jumanne jioni.

Mhubiri alipandia Muthurwa, akasimama nyuma ya kiti cha dereva na kutusalimu, "Bwana asifiwe," nasi tukaitikia "Amina," mimi nikiwa miongoni mwao. Alihubiri vizuri juu ya mwana mpotevu hadi tulipokwama kwenye foleni karibu na City Stadium. Hapo macho yake yakatua kwa yule msichana mwenye hijabu nyeupe, akamwelekezea Biblia na kusema kwamba wamo humu ndani waliorithishwa upotevu na wazazi wao, na kwamba leo wachague. Mtu wa nyuma akaitikia kwa nguvu. Msichana alianza kukunja pembe ya daftari lake, akaikunja na kuikunjua, mpaka karatasi ikakatika ikabaki kiganjani mwake. Mhubiri alipopitisha kofia ya sadaka nilitoa shilingi 20, kwa mazoea tu, naye akashukia Makadara.

"Mama, na wewe unaamini hivyo?" msichana akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Usijali, mwanangu. Hao ndivyo walivyo."

Nimelirudia jibu hilo jikoni, ofisini na kitandani. Hakuniuliza wao wakoje. Aliniuliza mimi, aliyenisikia nikiitikia na kuniona nikitoa sadaka. Nilikuwa na nafasi ya kusema "hapana", neno moja, nikampa jibu la kumtuliza mtoto aliyeanguka. Alishuka Donholm bila kuniaga, na ile karatasi akaiacha kitini.

Usiku ule, kwa hasira, nilitamani mahubiri yote ya barabarani yapigwe marufuku. Kisha nikamkumbuka baba. Ninyi mnaomfahamu mnajua kwamba kwa miaka mingi alitumia saa yake ya chakula cha mchana kuhubiri katika Bustani ya Jeevanjee, na kwamba mimi, wakati wa likizo, ndiye niliyembebea betri ya kipaza sauti. Bustani ile ilitolewa kwa umma mwaka 1906 na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara Mwislamu, na baba alipenda kuwakumbusha wasikilizaji wake kwamba Mkristo anahubiri kwenye zawadi ya Mwislamu, kwa hiyo achunge ulimi. Tena alikuwa akisema, "Anayetaka atasimama, asiyetaka atapita." Watu walipita kweli, wengine wakimcheka, naye hakuwahi kumfuata mtu.

Basi lina mlango mmoja, na kwenye foleni ya Jogoo Road aliyechoshwa na mahubiri hana pa kupitia isipokuwa ashuke na kupoteza nauli yake. Nilifungua Katiba ya 2010 nikasoma Kifungu cha 32, kinachomruhusu kila mtu kudhihirisha dini yake hadharani kwa ibada na mafundisho, na huo ndio ulinzi wa baba yangu, sitaki uguswe. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza, lakini kinakataa matamshi ya chuki, na kinamtaka anayeutumia uhuru huo aheshimu haki na sifa za wengine. Sidhani mhubiri wa Jumanne alifikia kiwango cha kushtakiwa, wala nisingependa ashtakiwe. Angeweza kusema kwamba njia yake ndiyo ya kweli, akalisema hata mara 10, na ningemtetea. Ila kumchagua mtoto mmoja asiyeweza kuondoka, akawataja wazazi wake mbele ya watu wazima 30 waliokaa kimya, ni jambo ambalo sisi abiria tulipaswa kulikataa papo hapo, na wa kwanza kulikataa nilipaswa kuwa mimi niliyeketi kando yake.

Tangu Jumatano nimekuwa nikipanda basi la saa ile ile. Sijamwona.

Jana nilimpigia baba nimweleze haya yote, lakini hatukufika mbali, kwa sababu sauti yake ilikuwa imekwaruza hata nikadhani ni mtu mwingine aliyepokea simu. Anasema ni vumbi, na kwamba anakunywa tangawizi. Mama anasema ni wiki ya 3 sasa, na hospitali hataki kuisikia.