Mzee wa kijito cha Longfellow

Ujumbe ulinikuta kazini mwezi wa Machi, gari la vifurushi nimeliegesha mbele ya nyumba ya mteja. Mistari miwili tu: Mzee amefariki usiku, hakuteseka. Nikapeleka kifurushi mlangoni, nikarudi garini, nikakaa.

Nina miaka 11 hapa Seattle, Marekani, na misiba ya huku bado sijaizoea. Hakuna turubai, hakuna kulala msibani, hakuna akina mama na masufuria nyuma ya nyumba. Mwili ulichomwa, kisha tukatangaziwa kwamba tutakutana baada ya wiki tano, Jumamosi, saa nane mchana. Wiki tano unatembea na msiba wako peke yako, na kazini hakuna anayejua umefiwa. Imenichukua mpaka Novemba hii kuweza kumwandikia, na namwandikia kwa lugha ambayo yeye aliijua neno moja tu.

Neno lenyewe ni hilo, Mzee. Huku kijana wa miaka 20 humwita mtu wa miaka 70 kwa jina lake na wala hakuna anayekereka, lakini ulimi wangu ulikataa. Nilipomweleza maana yake alilipenda sana, na mwishowe wenzetu wote wa pale kijitoni wakalishika.

Alikuwa mtaalamu wa biolojia ya samaki. Zaidi ya miaka 30 ya kazi aliimalizia kwenye mito ya jimbo la Washington akifuata samoni, na alipostaafu hakutoka majini. Nilikutana naye Novemba 2016, asubuhi, baada ya mvua ya usiku kucha. Nilikuwa nimepanga Delridge, magharibi mwa Seattle, na kijito cha Longfellow kinapita hapo nyuma ya nyumba. Ni kijito chembamba, na sehemu yake ya mwisho imefukiwa ndani ya bomba refu kabla ya kufika mto Duwamish. Samaki wanaotoka baharini hupanda kupitia bomba hilo gizani.

Nikiwa juu ya daraja la miguu nikaona samaki mkubwa, urefu wa mkono wangu, anaelea upande upande, mdomo umeachama, anazunguka kama aliyepoteza njia. Chini yake kulikuwa na mzee aliyevaa gambuti, amesimama majini hadi magotini, anamtazama. Nikamuuliza kama kuna mtu ametia sumu. Akasema, "Ndicho tunachotafuta."

Samaki yule alikuwa coho, aina mojawapo ya samoni. Coho huanguliwa kwenye changarawe ya kijito, hukaa humo mwaka mmoja na zaidi, hushuka baharini kunenepa, kisha hurudi kwa harufu ya maji aliyozaliwa. Jike huchimba kiota kwa mkia, hutaga, dume hurutubisha, na wote wawili hufa. Hawana safari ya pili. Ndiyo maana kile nilichokiona dakika chache baadaye sijakisahau. Samaki alipotulia, Mzee alimpima kwa futi kamba, akanionyesha mkia: mzima, mweusi, haujakwaruzika popote. "Hajachimba," akasema. Akampasua tumbo kwa kisu kidogo. Mayai yakamiminika, ya rangi ya chungwa, makubwa kama njegere, yote yamo. Akaandika kwenye daftari lake, akamkata mkia ili asije akahesabiwa mara mbili, akamrudisha majini wadudu na wanyama wapate chao. Alifanya yote hayo taratibu, bila kusema, kama mtu anayeosha maiti.

Kwenye vijito vya mjini kama kile, kati ya asilimia 40 na 90 ya coho waliorudi walikuwa wanakufa hivyo kabla ya kutaga. Jumapili iliyofuata nikarudi. Nikaendelea kurudi.

Siku moja aliniuliza kwetu kuna samaki gani anayepanda mto. Nikamwambia habari za ningu. Mimi ni mtu wa Musoma, na babu yangu alikuwa akitega migono mto Mara, upande wa Kirumi. Mvua zikianza, ningu walitoka ziwani na kupanda mito kwenda kuzaa, na watu waliisubiri siku hiyo. Kisha zikaja nyavu za kutega, zikawekwa midomoni mwa mito, zikawanasa wakiwa na mayai tumboni. Kufikia miaka ya 1950 ningu walikuwa wamepungua vibaya, hata kabla sangara hajaletwa kwenye maji yetu. Mimi nimekua nikimsikia ningu kwenye mazungumzo ya wazee kuliko nilivyomwona kwenye sahani. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Labeo victorianus," jina la kitaalamu la ningu, akaandika neno "ningu" pembeni ya jina hilo kwenye daftari lilelile la coho. Nilijisikia kama mtu aliyetembelewa na ndugu.

Yeye hakuamini kwamba samoni wataokolewa kwa kuzalishwa kwenye matangi peke yake. Alisema mpe samaki maji baridi, changarawe safi na njia iliyo wazi, mengine anayajua mwenyewe. Ukipanda gari lake ilibidi uwe na muda, maana alisimama kwenye kila kalavati. Mdomo wa kalavati ukining'inia juu ya maji ya kijito, samaki hawezi kuruka kuingia, na kilomita nyingi za mto mzuri huko juu zinabaki bure. Makabila ya wenyeji yaliishtaki serikali ya jimbo kwa sababu hiyo, kwa mikataba ya uvuvi ya miaka ya 1850, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani iligawanyika 4 kwa 4, hivyo amri ya mahakama ya chini ya kuzirekebisha kalavati ikabaki palepale. Siku hiyo alinipigia simu, na hakuwa mtu wa simu.

Desemba 2020 ndipo jibu la sumu lilipopatikana. Watafiti wa hapa Washington walitangaza kwamba kuna kemikali iitwayo 6PPD, inayotiwa kwenye matairi ili yasipasuke kwa hewa ya ozoni. Ikikutana na ozoni hiyo hugeuka kitu kingine, mvua hukikokota kutoka barabarani hadi kwenye mitaro, na coho akikinywa hana siku. Matairi. Mimi naendesha gari kwa muda wa karibu saa kumi kila siku. Nilipomwambia hivyo, hakunipa maneno ya kunifariji. Aliniuliza, "Mtaro wa mtaani kwako unaishia wapi?" Sikujua. Akanichukua tukaufuata kwa miguu, hadi majini.

Tayari ilikuwa imeonekana kwamba maji yaleyale ya barabarani yakichujwa kwenye mchanga na mboji, coho hawafi. Basi akatushikisha sepetu. Tulichimba vitalu vya kunywea mvua kwenye nyua za watu, yeye akiwa na miaka 70 na kitu, magoti yamevimba, akikataa kiti.

Ile Jumamosi ya kumkumbuka tulisimama darajani, kila mtu akasema lake. Mke wake alinipa daftari.

Jumapili iliyopita nilishuka peke yangu. Chini ya mizizi nilimkuta coho mmoja amekufa. Nikamgeuza. Mkia ulikuwa umelika, ngozi imetoka, mweupe pembeni kama ufagio wa zamani. Nikampasua, mikono ikinitetemeka kwa baridi. Yai moja, limeganda kwenye ubavu. Nikaandika: jike, sentimita 61, amemaliza.