Maji ya nyuzi 123

Juzi jioni mwanafunzi ninayemfundisha fizikia aliniletea daftari akiwa na furaha, maana alikuwa amemaliza swali lililomsumbua kwa siku mbili. Kilo 1 ya mvuke wa nyuzi 100 za Selsiasi inaingizwa katika kilo 5 za maji ya nyuzi 20, ndani ya chombo kisichopitisha joto, kwa kanieneo ya kawaida ya angahewa; halijoto ya mwisho ni ipi? Alikuwa ameandika mlinganyo mmoja safi, joto linalotolewa na mvuke upande huu na joto linalopokewa na maji upande ule, na chini kabisa akapigia mstari jibu lake: nyuzi 123.

"Mwalimu, nimelipata," alisema. Nikamwuliza mvuke wa nyuzi 100 umewezaje kuyapasha maji hadi yakawa moto kuliko wenyewe. Alinyamaza, akalitazama lile jibu kwa muda mrefu.

Hesabu zake zilikuwa sahihi. Kosa liliingia kabla ya hesabu, alipochukulia kwamba mvuke wote umegeuka maji, ilhali katika maswali ya aina hii hali ya mwisho haiamuliwi mapema, inapimwa. Kupasha kilo 5 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji kilojuli 1,676 hivi, na kilo moja ya mvuke, ikigeuka maji bila kupoa hata kidogo, inatoa kilojuli 2,256. Maji yanafika kwenye kiwango cha mchemko kabla mvuke haujaisha. Ukigawanya 1,676 kwa 2,256 utaona kwamba ni takriban kilo 0.74 za mvuke zinazogeuka maji, na kilo 0.26 zinabaki mvuke, vyote vikikaa pamoja kwenye nyuzi 100. Hilo joto fiche, yaani joto ambalo mvuke hutoa unapogeuka maji, au maji hupokea yanapogeuka mvuke, bila halijoto kubadilika, ni kubwa kuliko wanafunzi wengi wanavyodhani, na ndilo linaloamua karibu kila kitu katika maswali haya.

Jambo la pili linalowakwaza ni ukavu wa mvuke, yaani sehemu ya mchanganyiko iliyo mvuke, ambayo hupimwa kwa tungamo wala si kwa ujazo. Mfano ninaoupenda uko Olkaria, karibu na Naivasha nchini Kenya, ambako umeme wa jotoardhi ulianza kufuliwa mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15. Tuchukue maji ya nyuzi 250, ambayo kanieneo kubwa ya chini ya ardhi inayazuia yasichemke, yanayopanda kisimani hadi kwenye chombo cha kutenganishia chenye kanieneo ya kilopaskali 500, bila kupoteza joto la maana njiani; kanieneo ikishuka, sehemu yake inageuka mvuke. Jedwali la mvuke linatupa enthalpi, yaani kiasi cha nishati ya joto kilichomo, ya kilojuli 1,085 kwa kila kilo ya maji hayo. Kwa kilopaskali 500, maji yanayochemka yana 640, na joto fiche ni 2,108. Toa 640 kwenye 1,085, gawanya kwa 2,108, unapata 0.21. Katika kila kilo inayotoka, gramu 210 hivi ndizo mvuke wa kuzungusha mitambo. Zilizobaki ni maji. Lakini gramu hizo 210 zinajaza karibu lita 79, na maji yote yaliyobaki hayafikishi hata lita moja. Anayetazama kwa macho ataapa kwamba kinachotoka ni mvuke mtupu, ilhali kwa uzito karibu sehemu nne kati ya tano ni maji, ambayo lazima yatenganishwe yasije yakala mapanga ya mtambo.

Kabla mwanafunzi wangu hajaondoka nilimbadilishia swali lake, nikaweka kilo 8 za maji badala ya 5. Safari hii hakukimbilia mlinganyo. Aliandika kwanza pembeni kwamba kuyachemsha kunahitaji kilojuli 2,682, akailinganisha na 2,256, akasema mvuke wote utageuka maji, kisha ndipo akaurudia mlinganyo wake wa awali na kupata nyuzi 89 hivi.