Mimi ndiye ninayewarudishia mishiri

Saa 12 asubuhi nafungua banda letu hapa Mwea, nafagia, naosha mizani. Mishiri, haya maharagwe mabichi ya maganda tunayouza Ulaya, bado. Haichumwi mpaka umande ukauke, kwa sababu ikifungiwa kwenye kreti na maji, Ulaya itafika imeoza.

Kati ya saa 4 na saa 6 wakulima wanakuja kwa miguu, kwa bodaboda, kwa mikokoteni ya punda. Napima, naandika namba ya mkulima kwenye kila kreti, nakagua daftari lake la dawa alizonyunyizia shambani. Mwaka 2013 Ulaya ilianza kupima asilimia 10 ya mizigo ya mishiri ya Kenya kutafuta mabaki ya dawa, na tangu hapo daftari tupu halipiti mlangoni kwangu.

Saa 7 akaingia shosho mmoja na kreti mbili. Nikachomoa mshiri mmoja, nikaupitisha kwenye kibati: tundu la milimita 6 ni gredi ya ekstra, la 9 ni gredi ya faini (na kwa mkulima ni faini kweli, maana bei inashuka). Haukupita popote. Nikauvunja. Mbegu zimetuna kama punje za mchele.

"Shosho, hii imekaa shambani siku moja zaidi."

"Siku moja tu! Wajukuu wamerudi shule, nani angenichumia?"

Nikamwaga zote mezani, tukachambua sisi wawili, moja moja, vikonyo visitoke. Nyuma foleni inanung'unika. Kuna aliyesema nalipwa kuonea wazee. Hakuna aliyetaja kwamba kreti moja mbaya ikionekana Nairobi, hurudishwa mishiri ya kundi zima, na yake ikiwemo. Kilo 22 zikabaki 9. Shosho akafunga zilizokataliwa kwenye gunia, chakula cha ng'ombe, akaniuliza taratibu, "Na wewe una mama?"

"Ninaye."

Lori la baridi lilitakiwa kuja saa 9. Halikuja. Tukamwagia maji kuta za makaa za chumba cha kupozea mishiri, tukamwagia tena, dereva anasema yuko karibu, tukamwagia tena. Mgongo ukakataa kuinama. Giza lilikuwa limeingia tulipopakia kreti ya mwisho, na ndege ni ya usiku huohuo.

Nyumbani nikapakuliwa githeri yenye mishiri minene, mikubwa kama kidole. Mama ni mkulima namba 17. Juzi nilimrudishia kilo 6.